Chopa ya Waridi na Matobolwa ya Bibi

Katika nyumba ya Bi Mwanamkuu, mtaa wa Isevya mjini Tabora, siku haikuanzishwa na jogoo. Ilianzishwa na kinu. Kabla jua halijachungulia, Bibi alikwisha kutwanga karanga, na mdundo wa mchi wake ulikuwa mkubwa hata jogoo wa jirani alikata tamaa. Aliacha kuwika, akabaki kula tu kama wastaafu wengine.

Mjukuu wake Yasmini, msichana wa darasa la sita, alikidharau kinu kile. Kila alipokipita uani alikunja pua kama aliyekanyaga kitu. Bibi alipenda kusimulia kwamba kinu hicho kilitoka pwani begani mwa mpagazi, kikapita mapori yote ya njia ya misafara hadi Kwihara, karibu na Tabora, na kwamba njiani simba alikiuma akidhani ni swala, jino likang'oka. Alama ya jino ilikuwapo ukingoni. Wageni waliingiza kidole humo kwa heshima na kutikisa vichwa. Yasmini alijua habari nyingine, kwamba alama ile iliachwa na baiskeli ya mjomba wake Majidi siku breki zilipokatika.

“Simba wa matairi mawili,” alikuwa akisema, kisha akicheka peke yake.

Basi siku moja Bibi aliteleza uani, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kikavimba kama andazi. Hospitalini walimfunga bandeji ngumu na kumkataza kutwanga mpaka mfupa uunge, na wakamwonya kwamba akikaidi, mkono huo hautashika tena hata kikombe. Wakati huo Bi Tatu, mke wa mjomba Majidi, alikuwa ndani ya arobaini yake baada ya kujifungua. Bibi aliapa zamani kwamba hakuna mzazi atakayelala nyumbani kwake bila uji wa matobolwa na karanga. Matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani mpaka vikauka. Yale ya Bibi yalikauka kupita kiasi. Kipande kimoja kilipomwangukia kuku kichwani, kuku alitembea kinyumenyume siku nzima.

Mjomba Majidi, ambaye alikuwa fundi cherehani, akaamua inunuliwe mashine ndogo ya jikoni ya kukatia na kusagia, ile ambayo wauza maduka wanaiita chopa. Yasmini alifurahi mpaka akakosa adabu. Alisema kinu sasa kitafaa kwa kuku kutagia.

Bibi hakumgombeza. Alimvuta karibu kwa mkono wake mzima.

“Sikiliza, mke mwenzangu,” alisema, maana ndivyo alivyomtania mjukuu wake. “Mashine ni kama mchumba. Kabla hujamleta nyumbani, uliza anaweza kazi gani. Mwambie mwenye duka mambo matatu: vitunguu, karanga na matobolwa. Hasa matobolwa.”

Yasmini aliitikia huku akitazama pembeni. Mambo ya kuuliza maswali dukani aliyaona ni ya wazee wasiojua kusoma maandishi ya kwenye boksi.

Jumamosi mjomba alimpeleka mjini, akamwacha kwenye duka la Bwana Luhende, naye akavuka barabara kununua nyuzi. Luhende alikuwa mnene, mpole, na mwenye subira ya mtu aliyezoea kuulizwa bei na watu wasionunua. Yasmini alimwamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akapangiwa mashine mbili juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, yenye bakuli la chuma na visu vinene. Ya pili ilikuwa ya rangi ya waridi, nyembamba, yenye taa ya buluu iliyowaka ukibonyeza.

“Shika zote mbili,” Luhende alimwambia. “Mota ya kazi ngumu haiwi nyepesi kama sahani. Haya, binti, nyumbani mtasaga nini?”

Yasmini alifungua kinywa. Mambo matatu ya Bibi yalikuwa yamejipanga kwenye ulimi. Hapohapo akaingia Levina.

Levina alisoma naye darasa moja. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na familia ilihamia mjini mwaka ule. Soksi zake zilikuwa nyeupe hata siku za mvua, na alizungumza taratibu kama anayesoma taarifa ya habari. Kwa Yasmini, huyo ndiye alikuwa mizani ya ustaarabu. Kutaja matobolwa mbele yake aliona ni sawa na kuvua viatu na kuonyesha magaga.

“Saladi,” alisema kwa sauti ya juu kidogo. “Sisi kwetu tunakula saladi. Na matunda.”

“Hakuna karanga? Hakuna kitu kikavu?”

“Kikavu?” Yasmini akakunja ile pua yake. “Sisi si watu wa shamba, Bwana Luhende.”

Levina, aliyekuja kununua chupa ya chai, aliinamisha macho na kusukuma mkono ndani zaidi ya mfuko wa sweta lake. Luhende naye alisema kwamba kwa saladi, ile ya waridi inatosha. Akamwonya asijaze bakuli zaidi ya nusu, abonyeze na kuachia bila kupita nusu dakika, kisha aipumzishe. Kitu kikavu na kigumu asithubutu kukitia. Akampa na karatasi ya maelekezo. Yasmini aliikunja mara nne bila kuisoma na kuitia chini kabisa ya boksi.

Siku ya kwanza mashine ilimpa sifa. Vitunguu vilikatika kufumba na kufumbua. Mjomba alipiga makofi, na Bi Tatu akachungulia na mtoto mkononi. Bibi peke yake ndiye aliyetazama taa ya buluu kama anayetazama mgeni aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

“Inakata,” alikiri. “Ila kelele hizo, ungedhani imelima ekari tatu.”

Siku ya pili Bibi akaleta bakuli la matobolwa. Yasmini aliyakumbuka vizuri maneno ya Luhende. Lakini kuyasema kulitaka aeleze kwa nini aliuziwa mashine isiyoweza matobolwa, na kueleza hayo kulitaka aitaje saladi. Akaona heri ajaribu. Alijaza bakuli mpaka juu, akafunga kifuniko, akabonyeza kitufe na kukikandamiza kwa nguvu.

Mashine iliguna. Ikatetemeka mezani ikirudi nyuma kama punda aliyekataa mzigo. Kisu kikagonga, kikapinda, kikakwama. Yasmini akaendelea kubonyeza, maana mtu akiwa na kiburi kidole nacho huwa hakisikii. Ilipotoa moshi na harufu ya mpira uliounguzwa, taa ya buluu ikazima, na jikoni kukawa kimya.

Alimwaga matobolwa haraka, akafuta bakuli, akafungua dirisha. Mjomba Majidi aliporudi aliambiwa kwamba umeme ulikuja kwa nguvu, ukaiunguza mashine ikikata vitunguu. Mjomba akakasirika, akasema hapana, umeme hauna kosa, ila Luhende amemuuzia mtoto takataka, na kesho atamweleza mbele ya wateja wake wote yeye ni mtu wa namna gani. Yasmini akaendelea kupanga vyombo. Bibi, aliyekuwa kibarazani na redio ya umeme iliyoimba mchana kutwa bila kukwaruza, alimtazama mjukuu wake, kisha akaitazama redio.

Alfajiri Yasmini aliamshwa na mdundo wa kinu. Ukasikika wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha hakuna. Alitoka mbio. Alimkuta Bibi ameketi chini, mchi umeanguka kando, ameukumbatia mkono wake wenye bandeji. Vidole vilivyochomoza vilikuwa vimevimba na kung'aa. Hakuwa analia. Alikuwa ameuma midomo tu.

“Mzazi hajanywa uji tangu jana,” alisema, kama anayeomba radhi.

Yasmini alimwinua, akamkalisha kitini. Alitaka kusema kweli, akaenda kuuokota mchi.

Asubuhi ile walikwenda dukani wote watatu, Bibi naye, mjomba akiwa mbele na mashine kwapani. Wateja wanne walikuwapo. Mjomba hakuwasalimu. Aliitua mashine mezani na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani kwamba mtu mzima anayemuuzia mtoto kitu kibovu hana tofauti na mwizi, ila mwizi anajificha.

Luhende aliivuta mashine karibu. Alifungua bakuli, akakichomoa kisu kilichopinda, akachungulia chini yake. Kwa ncha ya kisu cha mfukoni akachokoa kipande kidogo cha rangi ya kahawia, akakinusa. Akamtazama Yasmini. Yasmini akatazama viatu vyake.

Akaona sasa siri itamwagwa mbele ya watu. Luhende alikiviringisha kile kipande kwenye karatasi, akakitia mfukoni, akamgeukia mjomba.

“Labda kosa ni langu, fundi,” alisema. “Labda sikumuuliza binti vizuri anataka kusaga nini. Nitaitazama.”

Wateja wakatazamana. Mmoja, aliyekuwa ameshika sufuria, aliirudisha mahali pake akaelekea mlangoni.

Yasmini hakuweza kustahimili hapo. Kama Luhende angemwumbua, angekasirika, na hasira ingemsaidia. Lakini mtu ambaye yeye alimdharau alikuwa amejitwisha uongo wake, na mteja alikuwa anaondoka kwa ajili hiyo.

“Aliniuliza,” alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia. “Aliniuliza, mjomba. Mara mbili. Nilimwambia tunakula saladi. Niliona haya kutaja matobolwa. Kisha nikayatia mpaka juu, na alinikataza. Umeme haukufanya kitu.”

Mteja wa mlangoni alisimama. Mjomba Majidi akamwomba Luhende radhi kwa sauti ileile kubwa, ili barabara nayo isikie. Luhende alicheka tumbo likatikisika. Alieleza kwamba mota ilizimia tu kwa joto, haikufa, na kisu kingine kipo. Aliichukua ya waridi, akasema ataitafutia mtu wa saladi wa kweli, na mjomba akaongeza kidogo wakapewa nyeusi.

“Lakini hata hii msiitwishe matobolwa mazima,” alionya. “Yapondeni kwanza kinuni yawe punje. Mashine imalizie, kidogo kidogo.”

“Umesikia, mke mwenzangu?” Bibi aliuliza. “Kinuni.”

Tangu siku hiyo Yasmini aliamka alfajiri, akaponda matobolwa katika kinu kilekile cha kutagia kuku, huku Bibi ameketi akimdharau kwa starehe. Alimwambia anashika mchi kama anayeshika nyoka, na kwamba mpagazi wa zamani angemwacha njiani. Punje zikaingia kwenye mashine nyeusi, nusu bakuli, bonyeza na kuachia, mpaka ukawa unga laini. Bi Tatu akanywa uji. Uvimbe wa mkono wa Bibi ukaanza kunywea.

Jumamosi iliyofuata Levina alipita kuazima daftari, akamkuta Yasmini uani, jasho linamtiririka na unga umemkaa puani. Hapakuwa na pa kujificha, wala Yasmini hakupatafuta.

“Matobolwa,” alisema kabla hajaulizwa. “Ndiyo chakula chetu. Ile saladi niliitunga.”

Levina alikitazama kinu. Kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta lake, akatoa vipande vitatu vya matobolwa.

“Bibi yangu hunitumia kutoka shambani kwake Usoke,” alisema. “Nilikuwa nikiyatafuna nyuma ya darasa, nikijua nyinyi wa mjini mtanicheka. Ulipotaja watu wa shamba, siku mbili sikula.”

Bi Mwanamkuu aliwatazama kwa zamu, akaguna.

“Wajinga wawili wanafichana kiazi,” alisema. “Yasmini, mashine haikuharibiwa na matobolwa. Iliharibiwa na haya yako. Ukidharau cha kwenu, utasema uongo kukificha, na uongo wako utamlipisha mtu asiyehusika. Mwenye duka ameitwa mwizi, na mimi karibu nipoteze mkono. Siku nyingine ukiulizwa unakula nini, jibu.”

Kisha akawamiminia uji, bakuli kwa kila mmoja. Levina alipomaliza aliingiza kidole kwenye ile alama ya ukingo wa kinu, akauliza ni ya nini.

Yasmini alimtazama Bibi, naye Bibi akatazama angani. Yasmini alikwisha kuonywa: ukiulizwa, jibu.

“Ni baiskeli ya mjomba,” alisema. Akafikiri kidogo. “Lakini muulize Bibi. Yeye ana simba.”