Majani Yaliyoshindishwa Njaa

Asubuhi ile mtoto Zulpiye alinyonya funda moja, akakunja uso, akatema. Rizwangul alijiambia mwanawe ana mafua tu, akamwachia mama mkwe, akawahi maabara. Majani yalikuwa yanamngoja.

Yalikuwa ya yulghun, kichaka cha jangwani kinachokunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi hiyo majanini. Rizwangul alitaka kuisoma jenomu ya kloroplasti zake, vile vichembe vya kijani ambavyo mmea huvirithi kwa mama. Kabla ya kusagwa, majani hufungiwa gizani mpaka wanga uishe. Maabarani wanaita kuyashindisha njaa.

Tawi alilikata juzi penye kaburi la walii, kwenye kichaka ambacho wanawake wanaoomba uzazi hukitundikia visusu vya vitambaa, mfano wa susu za kulazia watoto wachanga. Tawi zuri kuliko yote lilikuwa na kisusu. Alikinyofoa, akakitupa mchangani, akakata bila hata bismillahi. Msomi amwombe nani radhi?

Alipofungua chumba cha giza, harufu ya maziwa yaliyochacha ilimpiga usoni, kisha akasikia kilio chembamba cha mtoto kikitoka kwenye sanduku la majani, kikikatika, kikirudi, kikipanda, hadi nywele zikamsimama na matiti yakaanza kuvuja yenyewe, na mwanamke asiyeonekana akamnong'oneza shingoni:

"Wangu umemnyima. Wako atakula nini?"

Alikimbia nyumbani. Zulpiye alikuwa amelegea, midomo imemkauka. Mama mkwe, bibi Hajarhan, alisikia habari ya ile sauti, akayaonja maziwa kwa ncha ya kidole, akatema.

"Chumvi. Mwanangu, lile tawi ulilikata wapi?"

"Kaburini, mama. Lilikuwa na kisusu."

"Ukaomba?"

Rizwangul alitikisa kichwa, akampakata Zulpiye.

"Elimu yote hiyo, hodi imekushinda," bibi akasema kwa sauti ya chini, akatia kwenye makaa mbegu za adrasman za kufukuzia pepo.

Moshi ulijaa chumba kizima. Bibi alimzungusha mtoto juu ya makaa, akimsihi yule mwanamke arudi kwake jangwani, tawi litarudishwa, kisusu kipya kitashonwa. Kitu kikapita dirishani kikilia, halafu kimya. Zulpiye akafumbua macho, akalitafuta titi, akanyonya kwa pupa mpaka akashiba. Bibi Hajarhan alilia kwa furaha.

Rizwangul alilipangusa tone kidevuni mwa mwanawe, akalilamba.

Bado ilikuwa chumvi, kali. Zulpiye alikuwa ameshaizoea, kama yulghun.