Dawa ya Maua Mapana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana aliyejiita Bingwa alimwagilia bustani ndogo iliyokuwa mbele ya nyumba yao. Jina hilo alijipa mwenyewe, maana hakuna mtu mwingine aliyeona sababu ya kumpa. Alimwagilia huku amenuna, mkono mmoja kiunoni, akisonya kila maji yalipomrukia viatuni. Kazi ya bustani, kwake yeye, ilikuwa ya watu wasio na akili.

Asubuhi moja alisahau kusonya. Maua ya deizi aliyoyapanda mama yake yalikuwa kama deizi zote, yenye kikonyo chembamba, kitovu cha njano na petali nyeupe pande zote. Lakini mawili yalikuwa vituko. Vikonyo vyao vilikuwa vipana na bapa kama utepe, na vitovu vimerefuka kama kidole, petali zikisongamana kuvizunguka. Bingwa alichutama akayatazama mpaka kaka yake akaondoka bila yeye. Kisha akachuma lile dogo, akakimbilia shule.

Mwalimu wa sayansi alilizungusha ua mkononi mara tatu. "Miaka yote niliyofundisha, sijaletewa ua kama hili," alisema. "Umelifanyaje?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: hakulifanya chochote, aliliona tu. Lakini darasa zima lilikuwa limegeuza shingo kumtazama, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Nina dawa yangu, mwalimu," alisema Bingwa. "Naichanganya mwenyewe."

"Basi andika hatua zote. Nawe utakuwa mmoja wa watakaotuwakilisha kwenye maonyesho ya sayansi mwezi ujao."

Jioni hiyo Bingwa aliketi na daftari akabuni. Sabuni ya unga, vijiko vitatu. Chumvi, vijiko viwili. Majivu, kiganja kimoja. Mimina kwenye lita moja ya maji, mwagia kila jioni kwa siku kumi. Siku zote kumi alizitunga kwa dakika kumi, akajiona mwanasayansi.

Kwenye dawati lake aliketi na msichana waliyemwita Mpole. Huyu alikuwa na deizi zake mwenyewe, alizozipanda kwa mbegu kwenye sanduku refu alilotengenezewa na baba yake, seremala. Miezi mitatu alikuwa akizitunza ili azipeleke kwenye maonyesho hayohayo. Aliomba kunakili ile dawa. Bingwa akamsukumia daftari bila hata kumtazama.

Siku ya tano Mpole alikuja darasani macho yamevimba. "Zinakauka," alisema. "Majani yote yamekuwa ya kahawia. Labda nimekosea mahali."

"Kupima hujui," Bingwa alimjibu akibenua midomo. "Hii si kazi ya kila mtu."

Alijua, na bado alisema. Ni mtu wa namna gani anayemwona mwenzake akilia kwa sababu ya uongo wake, kisha akamlaumu kwa kuuamini? Bingwa alikuwa mtu wa namna hiyo, na siku hiyo alikula chakula cha mchana akamaliza sahani.

Mpole hakukata tamaa. Jioni alimfuata nyumbani, sanduku kichwani, aonyeshwe kipimo sahihi. Mama yake Bingwa alikuwa barazani akishona sare za shule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umebeba mzigo?"

Mpole akaeleza yote, akasoma na dawa yenyewe kutoka kwenye karatasi yake. Alipofika kwenye chumvi, cherehani ikanyamaza. Mama alilitazama lile sanduku la maua makavu, akamtazama binti yake.

"Kalete sabuni, chumvi na majivu," alisema. "Changanya kama ulivyoandika."

Bingwa alichanganya. Sabuni nyingine ikamwagika sakafuni.

"Vizuri. Sasa nenda pale bustanini ulimwagie lile ua pana lililobaki. Si ndiyo dawa yake?"

Bingwa alisimama juu ya lile ua na kopo lake. Aliliinamisha kidogo, akaliinua tena. Mpole alikuwa akimtazama bila kupepesa.

"Siwezi, mama. Litakufa."

"Kumbe unajua," alisema mama. "Na ya mwenzako hukujua?"

Bingwa aliliweka kopo chini. Aibu ilimwingia mpaka masikioni.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa akasema ukweli. Mwalimu alilifuta jina lake kwenye orodha ya maonyesho bila kumbembeleza, kisha akawaeleza wanafunzi kwamba wakati mwingine ncha ya mmea hujeruhiwa, au hubadilika tu yenyewe, ikaota kwa upana. Ua la namna hiyo halihitaji dawa ya mtu.

Jumamosi Bingwa alimwaga udongo wote ulioharibika na kusugua sanduku la Mpole. Mama aling'oa mashina ya deizi zake nzuri, akayagawa pamoja na mizizi, nao wawili wakayapanda upya. Mpole alishindilia udongo kwa vidole. Alimwambia Bingwa neno moja tu, amsogezee ndoo. Bingwa akaisogeza haraka.

Walipomaliza, mama alikung'uta mikono.

"Wapita njia wangapi wanapita hapa kila siku?" alimwuliza binti yake. "Hata mimi niliyeyapanda sikuyaona yale maua. Uliyaona wewe. Hiyo ilikuwa sifa yako ya halali, ungeisema ilivyo ingekutosha. Ukaitupa, ukaenda kuokota ya uongo, na mwenzako ndiye aliyelipa. Mtu akikuuliza usilolijua, sema sijui. Hakuna ua litakalokauka kwa neno hilo."