Pima Katikati

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mgonjwa wa kitanda cha nne alipiga yowe lililosikika hadi kwenye foleni ya kadi. Alikuwa amepasuliwa tumbo jana yake, na dakika kumi tu zilizopita alikuwa amechomwa dawa kali ya maumivu. Dawa ile humlaza mtu mzima kama kichanga. Yeye alikuwa anauma shuka.

Mfamasia aliitwa. Akafungua chupa moja kati ya tatu zilizobaki kabatini, akadondosha tone ulimini, akatema.

"Dawa hii ni chungu kama shubiri," alisema. "Haya ni maji matupu."

Basi, nani aliyechoma sindano? Muuguzi wa zamu. Nani mwizi? Muuguzi wa zamu. Hesabu rahisi hiyo! Matroni, mkuu wa wauguzi wote, alimketisha binti wa watu ofisini kwake, akapiga simu polisi. Askari wangefika saa tano. Baada ya hapo cheti kingechukuliwa, na baada ya cheti, jela.

Sasa muuguzi huyo alikuwa na kaka, na kaka huyo ndiye fundi wa vifaa wa hospitali ileile. Mtu asiyejua kukaa, hata chakula hula amesimama. Alipopata habari aliiacha mashine ya oksijeni imefumuliwa mezani, akaja mbio na bisibisi mkononi.

"Kaka, haki ya Mungu sikuigusa," dada yake alilia.

"Najua. Nyamaza kwanza nifikiri."

Kufikiri gani? Damu ilikuwa inamchemka, na moyoni alikwishahukumu kwamba ni mfamasia. Wawili hao hawapikiki chungu kimoja tangu walipogombania feni mwaka juzi. Alikuwa ameshashika kitasa aende akamkunje shati, ndipo akajistukia. Redio ikiwa kimya, fundi mbovu hufungua popote roho yake inapomtuma. Fundi wa kweli hupima katikati ya njia. Sauti ikifika hapo, nusu ya kwanza ni nzima, achana nayo, na nusu iliyobaki uikate tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha wenzake hivyo, na leo alitaka kuyasahau yote kwa sababu ya feni.

Saa tatu na nusu alikuwa kwenye dirisha la dawa.

"Chupa zile zilitoka kwako lini?"

"Jana saa tisa alasiri," mfamasia alijibu. "Na kabla hujaniparamia, sikiliza. Lilikuwa boksi moja lenye chupa kumi, nikalifungua mbele ya waliokuja kuchukua. Tano zilikwenda chumba cha upasuaji, tano alichukua Matroni kwa mkono wake. Saini hizi hapa."

"Za chumba cha upasuaji zimefanya kazi?"

"Miguu unayo. Kaulize."

Akaenda akauliza. Wagonjwa wawili walikuwa wamechomwa jana jioni, na wote wawili walilala fofofo. Moja ya chupa zilizobaki kule ndiyo aliyoiazima daktari asubuhi kumtuliza yule wa kitanda cha nne, naye sasa alikuwa anakoroma. Kwa hiyo hadi saa tisa, pale dirishani, dawa ilikuwa dawa. Ilimuuma fundi kukubali, lakini mfamasia hakuwa na kosa. Akarudi wodini akiruka ngazi mbilimbili.

Daktari alikuwa akimpima mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Daktari, kabla ya leo asubuhi, kuna aliyechomwa dawa ya kabati hili?"

"Huyu hapa. Nilimchoma mwenyewe jana saa kumi na mbili jioni." Daktari alikuna kichwa. "Hakutulia. Nikadhani anadeka."

"Nadeka?" mgonjwa alifoka. "Mguu umevunjika mara mbili, mimi nadeka?"

Siku nyingine fundi angecheka. Dada yake jana alitoka kazini saa nane mchana, saa nzima kabla chupa hazijaondoka dirishani, na kufikia saa kumi na mbili zilikuwa tayari maji. Dada hakuhusika. Zilibaki saa tatu tu za kuchunguza. Alifungua daftari la kabati. Chupa tano ziliingia saa kumi na nusu, saini ya Matroni. Kutoka dirishani hadi wodini ni mwendo wa dakika mbili, hata ukichechemea.

Saa tano kasorobo aliingia ofisini kwa Matroni, daktari na mfamasia wakiwa nyuma yake. Dada yake bado alikuwa kwenye kiti kilekile.

"Matroni, nakuheshimu kama mama yangu," alisema. "Jana, saa tisa mpaka saa kumi na nusu, zile chupa zilikuwa wapi?"

"Unanihoji wewe, mkaza skrubu?"

"Na baada ya hapo, ufunguo wa kabati ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu, kwani muuguzi wa jioni alikuwa mgonjwa na..." Alitazama saa ya ukutani, kisha akajishusha kitini taratibu.

"Mama yangu ana saratani ya mifupa," alisema. "Yuko nyumbani. Analia mpaka sauti inamkauka."

"Mbona hukuniambia?" daktari aliuliza.

"Nilikuambia mara tatu! Ukasema kanuni ni kanuni, dawa hii haivuki geti."

Daktari aliinamisha kichwa.

"Na mimi?" dada aliuliza. "Ungeniacha nifungwe?"

"Nilijiambia wewe bado kijana, utaanza upya."

Fundi alitaka kumtukana. Alikumbuka lile yowe la asubuhi, akamfikiria na yule bibi asiyemjua, akaitia bisibisi mfukoni.

Askari walifika saa tano kamili. Matroni alisimama bila kubishana.

"Mama huchomwa saa sita," alisema. "Leo nani atakwenda?"

Dada alifuta macho kwa kiganja, akavuta karatasi mezani, akaiweka mbele ya daktari.

"Andika," alisema. "Nitampelekea mimi."

Daktari aliandika. Matroni alimwelekeza nyumba, mlango wa kijani nyuma ya duka la vioo. Alipofika mlangoni, katikati ya askari wawili, aligeuka.

"Akikuuliza niko wapi," alisema, "mwambie niko zamu."