Mtoto wa Kwenye Bango

Jumamosi ile upepo wa bandarini ulikuwa ukiirusha mvua kwa ubavu, lakini soko la Stavanger lilifurika vilevile. Watu walipanga foleni kwa wauza samaki, makoti yao ya mvua ya manjano na ya bluu yakisuguana. Katikati ya soko, chini ya bango lililomzidi mtu kimo, alisimama Torunn Haugland, kofia nyekundu ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, mkononi ameshika kisanduku cha michango ya Kwaresima.

Kwenye bango palikuwa na picha ya msichana mdogo wa Madagaska, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Chini yake paliandikwa: *Fitia hajala tangu jana. Wewe je?*

Mwanamume mmoja alisimama mbele ya picha ile akaitazama kupita kiasi. Alikuwa mrefu, ndevu rangi ya shaba, sweta lake nene limetoboka kiwikoni.

"Kaka, ukiendelea hivyo utalitoboa bango letu," Torunn alimwambia.

"Haya maneno kaandika nani?"

"Mimi. Kwani nimekosea herufi?"

"Hapana. Herufi ziko sawa."

"Basi changia, usizibie wenzako njia."

Hakuchangia. Alimgeukia, akamtazama usoni kama anayetafuta kitu alichoambiwa kipo hapo. "Unakunywa kahawa?"

Torunn akacheka. "Hujatoa hata krona moja halafu unataka kuninywesha kahawa? Una uso mkavu wewe!"

"Umelowa hivi, na mkavu ni mimi?"

Walikunywa kahawa. Jina lake lilikuwa Gaute, fundi umeme kwenye mtambo wa mafuta baharini, mtu wa zamu: mara yuko huko kwenye mawimbi, mara yuko nchi kavu majuma kadhaa hana kazi. Alikuwa na mikono mikubwa na sauti ya chini, na alipokuwa akisikiliza aliinamisha kichwa kidogo. Torunn alirudi nyumbani na kisanduku chepesi na moyo wenye kelele.

Ila maswali ya Gaute yalikuwa mengi. Wiki ile walipokuwa wakitembea kati ya nyumba nyeupe za mbao za mji wa kale, alimuuliza: je, amewahi kufika Madagaska? Hajafika. Nani alipiga picha? Mpiga picha wa kukodi. Waliulizwa wale wenyewe wa kule?

"Waliulizwa nini?" Torunn alisimama.

"Kama wanataka."

"Gaute, sisi tunashirikiana na kanisa la Antsirabe tangu bibi yangu yuko shule ya Jumapili. Tunawachimbia visima, tunawasaidia ng'ombe wa maziwa. Hawa ni ndugu zetu."

"Nimeuliza tu, mpenzi."

Neno *mpenzi* lilimtoka kwa mara ya kwanza. Torunn alilipokea, lakini swali pia halikumtoka.

Ofisini, Bwana Reidar, mkurugenzi wa shirika lao la makanisa, alimwita akafunga mlango. Alikuwa mtu wa suti ya kijivu na salamu ndefu. "Torunn, binti yangu, nasikia kuna mwandishi wa gazeti anatuchimba. Anawazungukia wafanyakazi. Ukiona mtu mgeni anajifanya rafiki, anaulizauliza, nijulishe."

Torunn alitoka pale akiyarudia maneno yale. Mtu mgeni. Anaulizauliza.

Siku ya Alhamisi alimpeleka Gaute kula madonge ya viazi na nyama ya kondoo ya chumvi kwa Bi Bergljot, mama wa makamo aliyempangishia chumba, mwimbaji mwenzake wa kwaya. Bi Bergljot alimkagua mgeni kuanzia viatu.

"Kwa hiyo ndiye huyu! Baba, unakula au unachezea? Mtu asiyemaliza donge la pili simpi msichana wangu."

"Nitamaliza na la tatu, mama."

"Mwongo, lakini mwongo mzuri."

Hapo simu ya Gaute ikaita. Alipoangalia aliyepiga alisimama haraka, akatoka kibarazani akavuta mlango. Kupitia kioo Torunn alimwona akicheka, kisha akikunja uso. Maneno yaliyopenya hayakuwa Kinorwe. Na sauti iliyotoka kwenye simu ilikuwa ya mwanamke.

"Nani huyo?" alimuuliza aliporudi.

"Noro. Ni kama dada yangu."

"Uliniambia umezaliwa peke yako."

"Nimesema kama."

Bi Bergljot aliwaongezea mchuzi kwa kelele nyingi.

Tangu hapo Torunn alianza kuwa mpelelezi, na kazi hiyo ilimchukiza. Alitafuta jina la Gaute kwenye magazeti ya mji, hakulikuta. Aliangalia mikono yake, kama kweli ni ya fundi umeme. Ilikuwa na makovu ya nyaya. Kama si mwandishi, basi ni nani huyu Noro? Gaute akimbusu, alibusu kwa moyo wote. Simu ikiita, alitoka nje. Torunn akashindwa kujua amwamini yupi, yule wa ndani au yule wa kibarazani.

Jibu lilijileta lenyewe jioni moja, Gaute akiwa jikoni anasugua sufuria, simu yake juu ya meza ya Torunn. Iliwaka. Picha ikajaa kwenye kioo: mwanamke mweusi mzuri mwenye kofia ya ukili, amembeba mtoto anayecheka hadi ufizi, gauni la shule safi, nywele zimesukwa mistari.

Torunn aliijua sura ya mtoto yule. Alikuwa ameikata, ameikuza, ameichapisha.

"Gaute!"

Alikuja na povu mikononi. Akaiona simu yake mkononi mwa Torunn.

"Huyu ni mtoto wako?"

"Nini? Hapana! Ni mtoto wa Noro. Baba yake ni mwalimu, yuko hai, ananiita shemeji. Torunn, wazazi wangu walikuwa wamisionari. Mimi nimekulia Antsirabe. Mama yake Noro ndiye aliyenilea wazazi wakiwa safarini. Kimalagasi changu na Kinorwe chake tumejifunza kwenye uwanja mmoja."

"Kwa hiyo siku ile sokoni ulimjua."

"Nilimjua."

"Ukaniuliza maneno kaandika nani."

Gaute alijifuta mikono kwenye suruali. "Noro alikuwa ameliona bango kwenye mtandao. Aliniomba nimtafute aliyeyaandika. Nijue ni mtu wa namna gani."

"Ulininywesha kahawa kama mpelelezi!"

"Siku ya kwanza, ndiyo."

"Na ya pili?"

"Ya pili nilikuwa nimeshapotea, Torunn. Nilitaka kukwambia kila siku. Nikaogopa utafanya hivi unavyofanya sasa."

"Toka."

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Hilo nalo sijui ulitumwa na nani. Toka!"

Akatoka. Asubuhi yake helikopta ilimchukua kwenda baharini.

Torunn aliingia kanisa kuu akakaa kwenye benchi la nyuma. Alitaka kumshtaki Gaute kwa Mungu, akajikuta hana pa kuanzia, maana kila aliposema *alinidanganya* aliyaona maneno yake mwenyewe chini ya picha. Nani alimwambia Fitia hajala? Hakuna. Aliona mtoto mweusi analia, akajaza mwenyewe.

"Mpigie huyo mwanamke," Bi Bergljot alimwambia, akimwekea keki nyembamba iliyookwa kwenye chuma, yenye jibini ya kahawia.

"Nitamwambia nini?"

"Kwanza umsikilize. Wewe kusikiliza hukusomea."

Namba alipewa na Gaute kwa ujumbe mfupi, bila neno lolote la ziada. Simu iliita kidogo, kisha sauti ikasema kwa Kinorwe safi cha zamani, kama cha wahubiri wa redioni: "Nani mwenzangu?"

"Naitwa Torunn. Nipo Stavanger. Mimi ndiye..."

"Ndiye uliyesema mimi simlishi mwanangu."

Torunn alishika ukingo wa meza. "Ndiyo."

"Mimi ni daktari wa mifugo, dada. Naongoza kikundi cha wanawake wa maziwa. Fitia asubuhi ile alikunywa maziwa, akala wali na mboga, akaomba tena. Unajua kwa nini alikuwa analia?"

"Sijui."

"Ndama wake aliuzwa. Ndama mwenyewe ana jina, ana kengele. Mpiga picha akaja, akamkuta anagaagaa chini. Nikasema ngoja nimfute kamasi. Akasema, hapana, hivyo hivyo ni vizuri."

Torunn alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Wenzangu kikundini wananiuliza: Noro, hela za Wanorwe unakula peke yako hadi mtoto anakosa chakula? Mume wangu darasani wanafunzi wanamcheka. Wanawake wanataka tujitoe kwenye ushirika na ninyi. Na taabu tunayo, sikufichi. Barabara ni mbovu, maziwa yanachacha kabla ya kufika mjini. Hilo la maziwa kuchacha tumewaandikia. Hakuna aliyelitengenezea bango."

"Nisamehe."

"Unaniomba kwa sababu ya Gaute au kwa sababu ya Fitia?"

Hakuna mtu aliyewahi kumshuku Torunn kwa haki namna ile. Alifikiri kweli kabla ya kujibu. "Nilipopiga, vyote viwili. Sasa hivi, Fitia."

"Haya. Angalau hujakwepa. Sisi huku tunawaombea kila Jumapili, ninyi wa Stavanger. Mnajua hilo?"

"Mnatuombea nini?"

"Msikae wapweke. Gaute anasema huko mtu anaweza kufa nyumbani kwake na jirani asijue."

Kesho yake Torunn alisimama mbele ya meza ya Reidar. "Bango lishuke."

"Katikati ya Kwaresima? Umerukwa na akili?"

"Ni uongo. Mtoto ameshiba. Alikuwa analilia ndama."

"Torunn, binti yangu, umaskini upo. Kama si huyu, ni mwingine. Mtoto anayecheka hafungui mfuko wa mtu." Kisha akakodoa macho. "Haya umeyapata wapi? Kwa yule mwandishi?"

"Kwa mama yake. Nimempigia. Wewe umewahi kumpigia?"

Reidar alimwambia aende nyumbani apumzike.

Hakupumzika. Jumapili ya Mitende kanisa lilijaa, na ilipofika zamu yake kutangaza mchango, Torunn alipanda mbele na gauni lake la samawati la kwaya.

"Bango la Fitia niliandika mimi," alisema. "Niliandika ana njaa bila kumuuliza mtu. Hana njaa. Mama yake ni daktari wa mifugo, na anahitaji mitambo ya kupoza maziwa, na barabara, na watu wanaopokea simu. Tumewaita ndugu miaka yote. Ndugu yako humpigi picha akilia ukaitundika sokoni. Nawaombeni radhi, na yeye nimeshamwomba. Atakayetaka kutoa, atoe akijua hilo. Na mjue kwamba kila Jumapili wanatuombea ninyi na mimi."

Watu wengine walitazama sakafu. Mzee mmoja aliinuka akatoka na bahasha yake mfukoni, na mke wake akamfuata. Reidar alikuwa mwekundu hadi masikioni. Kisha Bi Bergljot akaenda mbele, akatia chake, akasema kwa sauti ya kwaya: "Na hiyo namba ya simu tupewe sote!"

Sadaka ilikuwa haba siku ile. Torunn aliondolewa kwenye kazi ya matangazo akapelekwa stoo ya nguo za mitumba. Lakini mabango yalishuka, na Reidar, baada ya kubanwa na baraza la usharika, alipiga Antsirabe mwenyewe. Aliongea kwa shida, wanasema, na alisikiliza kwa shida zaidi. Wanawake wa maziwa walikubali kubaki kwa sharti: maneno yao wataandika wao.

Helikopta ya zamu ilitua uwanja wa ndege wa Sola mchana wa mawingu. Gaute alitoka na wenzake, begi begani, akamwona Torunn amesimama peke yake kwenye kituo cha basi na koti la kijani la mitumba, kubwa mno kwake. Alipunguza mwendo.

"Noro ameniambia uliyoyafanya," alisema.

"Noro anakwambia kila kitu?"

"Karibu."

"Nini hajakwambia?"

"Kama unanitaka. Amesema hilo nijitafutie mwenyewe, amechoka kunituma."

Torunn alijikaza asitabasamu, akashindwa upande mmoja wa mdomo. "Ulikuja kwangu kwa hila."

"Nilikuja kwa hila. Nikabaki kwa mapenzi."

"Na mimi nilikupekua kama mwizi. Nilikutafuta kwenye magazeti. Nilikagua mikono yako."

"Ikasemaje?"

"Ikasema ni ya fundi." Basi la mjini lilikuja, likafungua milango, hawakupanda, likaondoka. "Sikuamini bado, Gaute. Nikwambie kweli. Ukichelewa nitashangaa uko wapi. Ukinyamaza nitataka kujua unanyamazia nini. Nitakuuliza hadi uchoke."

Alitua begi chini kwenye maji ya mvua. "Uliza. Kuanzia leo najibu kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Torunn alivuta pumzi, akamkazia macho vilevile ambavyo Noro angemkazia.

"Basi la kwanza. Utanioa?"