Wasomaji wa Nyamizi

Kuna kitu ukikiuza bado unabaki nacho, na aliyenunua naye anaondoka nacho. Watu wa stendi ya Bariadi walishindwa kukitegua asubuhi ile. Walidhani Nyamizi anauza dawa ya minyoo.

Alisimama kati ya wauza karanga na wapiga debe, gauni la kitenge cha rangi ya chungwa limemkaa sawasawa, raba nyeupe miguuni, boksi la vijitabu begani. Vijitabu vyenyewe vilikuwa karatasi zilizokunjwa katikati na kubanwa pini. Abiria mmoja anayekimbilia basi la Lamadi akampiga kikumbo, na hadithi zote zikamwagika vumbini.

Kijana mmoja akainama kumsaidia kuokota. Shati lake lilipigwa pasi mpaka mikono imesimama, ila vidole vilikuwa vyeusi kwa wino.

"Mwangaluka, dada. Hizi ni za dini?"

"Mwangaluka. Ni za mapenzi."

"Kaandika nani?"

"Mimi."

Akamtazama, akatazama jalada, akamtazama tena. "Mbona hufanani na mwandishi?"

"Mwandishi anafananaje?"

"Anavaa miwani."

"Nunua, nipate hela ya miwani."

Akacheka, akanunua. Jina lake Mayunga, mwenye duka la steshenari Somanda. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameshasema, "Niachie hamsini dukani kwangu. Na ukitaka kuchapa nyingine, njoo. Mashine yangu haitafuni karatasi."

Nyamizi alihitaji mtu wa kumwambia hivyo. Alikuwa ameacha ukarani kwenye ghala la pamba ili aishi kwa kalamu yake, na kaka yake Bujiku, kule Shishiyu, alimpigia simu akaweka mpaka. "Nakupa hadi msimu wa pamba. Nikikuta bado unahangaika na makaratasi, nakupakia kwenye pikipiki unarudi nyumbani. Kodi ya chumba si ya kulipa kwa ndoto."

Baada ya wiki Mayunga akapiga. "Zimeisha."

"Zote?"

"Zote, mpenzi. Samahani, nimesema mpenzi?"

"Umesema."

"Basi liache hapo hapo, usilirudishe."

Ikawa hivyo. Asubuhi simu, mchana simu, jioni chipsi mayai kwenye sahani moja. Kila wiki Mayunga alisema zimeisha, kila wiki Nyamizi akachapa tena. Akanenepa mashavu kwa furaha.

Sasa Nyamizi alikuwa na utaratibu wake. Nyuma ya kila kijitabu aliweka kitendawili na namba yake ya simu. Jibu limo ndani ya hadithi, na anayelipata jina lake linaingia kwenye sehemu inayofuata, labda awe mwenye hoteli, labda bibi harusi. Safari hii aliandika: "Kavaa nyeupe tupu, kasimama juani, wala hana harusi." Aliyesoma angejibu pamba, akikumbuka shamba ambamo Ng'washi, msichana wa hadithi, alimsubiri mchumba wake tangu asubuhi.

Vijitabu mia mbili vikaondoka, simu haikulia. Akamlalamikia Mayunga. Kesho yake simu zikaanza.

"Mwadila, mwandishi. Jibu ni yangeyange."

Nyamizi akacheka. Ni kweli yangeyange ni mweupe na husimama nyuma ya ng'ombe. Lakini wa pili naye akasema yangeyange. Na wa tatu. Wa sita alipotaja ndege huyo huyo, Nyamizi hakucheka tena. Wa saba alikuwa mama mtu mzima.

"Mayu, mama mwandishi, naitwa Mama Mhoja, niko Mwamapalala. Nimeambiwa niseme yangeyange."

"Umeambiwa na nani, mama?"

"Na Mayunga. Mimi ni shangazi yake. Kasema tukupigie wote, usihuzunike. Kwani nimekosea? Mimi kusoma sijui, mwanangu."

Nyamizi alimshukuru kwa adabu, akavaa raba, akaenda Somanda kwa miguu. Mayunga alikuwa anamtolea kopi mwalimu mmoja. Nyamizi akasubiri mwalimu alipe na kuondoka, kisha akaingia nyuma ya kaunta na kuvuta maboksi ya karatasi chini ya mashine. Vijitabu vyake vilikuwa humo, vimepangwa vizuri, havijafunguliwa.

"Nilitaka usikate tamaa," Mayunga akasema. "Hela ni yangu, niliitoa kwa moyo."

"Najua. Hiki chenye kitendawili ulikisoma?"

Mayunga akafuta vidole kwenye kitambaa, akaendelea kufuta.

"Hukukisoma. Ungekisoma usingesema yangeyange."

"Nyamizi, kazi zilibana. Mimi nakupenda wewe."

"Mimi sikwenda stendi kutafuta mteja. Nilitafuta msomaji. Anayenunua kwa huruma ananipa sadaka, na mimi sijakaa kwenye mlango wa kanisa."

"Sasa utaviuza wapi?"

"Kwa watu."

Akajitwisha boksi kichwani, akarudia mengine mpaka yakaisha, na wapita njia wakimtazama. Hakuna aliyemsaidia na hakuomba.

Siku ya mnada Mwamapalala alikwenda na hadithi zake kati ya mbuzi na masufuria. Hakupiga kelele za bei. Alifungua ukurasa wa kwanza akasoma kwa sauti, na pale Ng'washi anaposhika kitasa cha mlango bila kujua nani yuko ndani, akafunga kijitabu.

"Aa, endelea," akasema mwanamume mwenye fimbo ya ng'ombe.

"Endelea nawe. Kiko hapa."

Kila aliyenunua, Nyamizi alimuuliza jina na anakotoka, na aliyekubali alimwandika namba ya simu kwa mkono wake mwenyewe. Akafanya hivyo Mkula, akafanya hivyo stendi. Wengine walimcheka. Mmoja wa Mkula alimwambia aolewe, ataacha mawazo, naye akamjibu, "Nikiolewa nitakuandika wewe."

Mama Mhoja ndiye aliyemfungulia njia nyingine. Alikuwa amemsikia mnadani, akapiga akisema, "Mayu, nisomee basi kwenye simu. Yule mtoto alifungua mlango?" Nyamizi akamrekodia sauti yake, akamtumia. Jirani akasikia, akaomba. Kanisani wakasikia. Ikawa kila Alhamisi jioni watu wanatuma ada yao ndogo, na hadithi inawafikia kwenye simu, wajue kusoma wasijue. Walimpigia kumgombeza, kumshauri, kumwambia mchumba wa Ng'washi ni mjinga. Wote aliwajibu kwa majina.

Habari zikafika mbali. Bwana mmoja wa Mwanza akapiga akitaka kununua hadithi pamoja na namba zote za wasikilizaji, kwa mkupuo, na Nyamizi asijihusishe tena.

"Hao ni watu, baba, si mbuzi wa mnada," Nyamizi akamwambia. "Siwauzi."

Msimu wa pamba ukaingia na Bujiku akaja na pikipiki yake kama alivyoahidi. Alikuta kodi ya miezi sita imelipwa na wali unachemka. Akala, akanawa. Kisha akakohoa. "Violeth ananisumbua nyumbani. Anauliza Ng'washi amepata mimba au anaumwa malaria tu."

"Mwambie wifi asubiri Alhamisi, kaka."

Bujiku akawasha pikipiki, akaondoka peke yake.

Wiki hiyo, kati ya ujumbe wa wasomaji, ukaja mmoja mrefu. "Sehemu ya nne umedanganya. Ng'ombe aliyezaa juzi hawezi kuswagwa kutoka Mkula hadi Bariadi kwa siku moja, ataanguka njiani. Na huyo mchumba, kuomba radhi kwa kumtuma mwenzake ni uoga. Angekwenda mwenyewe. Nimesoma zote, mara mbili. Mayunga."

Nyamizi aliusoma amesimama. Kuhusu ng'ombe alikuwa amepata. Akapiga.

"Umenikasirisha," akasema.

"Kwa ng'ombe au kwa mchumba?"

"Ng'ombe nitamrekebisha. Mbona wewe hukuja mwenyewe?"

"Nilikuwa nasoma. Nilitaka nikija niwe na la kukuambia. Nyamizi, nataka kuleta wazee Shishiyu."

Moyo wake ukaruka, lakini sauti akaishika. "Hadithi zangu haziingii kwenye mahari. Wasomaji ni wangu, na nikisema Alhamisi nafanya kazi, hakuna kuuliza chakula."

"Nitapika. Sasa ni ndiyo au hapana?"

"Ng'washi naye kaulizwa hivyo hivyo. Atakavyojibu ndivyo nitakavyojibu. Alhamisi."

"Nyamizi, leo ni Jumatatu."

"Wenzako wanasubiri. Na wewe lipa kama wao."

Alhamisi akajifungia, akarekodi, akatuma. Hakukaa sana kabla simu haijalia. Alikuwa Mama Mhoja.

"Mayu, huyu Mayunga yuko hapa kwangu tangu mchana. Hadithi yako kaisikiliza mara tatu."

"Anasemaje, mama?"

"Anasema anawafuata wazee wake. Anatafuta viatu vyake."