Msusi Aliyeomba Sauti

Mtaa wa maduka ya spika hauna adabu. Kila duka linapiga wimbo wake, na kila wimbo unataka kuufunika wa jirani, hata mtu akipiga chafya hajisikii mwenyewe. Ndiko alikoingia Kinanda mchana ule, gauni la kijani limemkaa kama kazaliwa nalo, nywele mistari sita imelala nyuma, mkononi mashine ya kukaushia nywele iliyomzimikia katikati ya kichwa cha mteja.

"Karibu dada! Imefanya nini?" Fundi akapaza sauti kutoka nyuma ya meza. Kijana mrefu, shati la zambarau lenye maua makubwa, bisibisi sikioni kama kalamu ya karani.

Kinanda akafungua mdomo. Kikatoka kitu kama karatasi inayochanwa.

"Sikusikii! Sema kwa nguvu!"

Akajaribu tena. Karatasi ileile. Machozi yakamlengalenga, akageuka aondoke. Na huyu ndiye aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kwaya, mpaka jina la Kinanda likalifunika lile la ubatizo! Miezi saba nyuma alitolewa uvimbe kooni, daktari akamwambia bila kuzunguka: sauti ya kuongea itabaki ya kunong'ona, ya kuimba haitarudi, mshukuru Mungu kwa nyimbo ulizokwisha kuimba.

"Dada, ngoja!" Fundi akazima spika zake. Akatoka barazani. "Wewe jirani, zima kidogo! Na wewe wa ng'ambo! Zimeni jamani, kuna mtu anaongea!"

Duka moja likanyamaza, la pili, la tano. Mtaa mzima ukawa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

"Haya. Sema sasa, dada yangu."

"Inatoa moshi," Kinanda akanong'ona.

"Moshi tu? Mimi nikadhani umekuja kututangazia vita!"

Watu wakaangua kicheko, na Kinanda naye akacheka, cheko lisilo na sauti ila lenye meno yote. Alirudi saluni kidevu juu. Ni wanawake wangapi waliowahi kunyamazishiwa mtaa?

Mashine ilipona siku ileile, lakini Fundi aliendelea kuiulizia hali kama mgonjwa wa wodini.

"Mashine inaendeleaje?" alipiga simu.

"Nzima."

"Na mwenye mashine?"

Kinanda akakohoa.

"Basi usilichoshe koo, mpenzi. Gonga simu kwa kitana. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Umekula?"

Ko.

"Umenikumbuka?"

Ko-ko.

"Mwongo wewe! Mbele za Mungu?"

Saluni nzima ilikuwa imetega masikio, wengine povu likiwachuruzika shingoni. Kinanda akainamisha uso. Ko.

Lakini kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alipiga magoti katikati ya viti vya wateja. "Bwana, nirudishie koo langu. Sikuombi nyumba. Mume sikuombi, naona huyo umeshaanza kumshughulikia. Koo tu." Maana jengo jipya la kanisa lilikuwa lifunguliwe Jumapili ya mwisho wa mwezi, na yeye bado alisimama na kwaya, safu ya mbele, akichezesha midomo bila kutoa kitu. Hakuna aliyethubutu kumwambia atoke. Siku ya kuambiwa hivyo ndiyo aliyoiogopa kuliko kisu cha daktari.

Fundi ndiye aliyepewa kazi ya kufunga vyombo vya sauti, akawa anavijaribu kwanza kwenye mazoezi ya kwaya. Ukumbi wa mazoezi ulitazamana na saluni, na mteja mmoja, mwanamke ambaye mtaa ulimwita Redio Mbao, alivuka kwenda kusalimia akiwa na dawa ya nywele kichwani. Alirudi mbio.

"Nimeacha mambo huko! Fundi wako anamwambia Mwalimu wa kwaya, 'Mtoeni yule dada kwenye safu!' Kwa masikio yangu haya!"

"Fundi gani?"

"Si huyo wa ko-ko! Nioshe shoga, dawa inaniunguza!"

Kinanda akafungua bomba bila kupima maji. Redio Mbao alipiga yowe lililofika ukumbini.

Siku ile simu iliita mara kumi na moja. Ya kumi na mbili akapokea.

"Kinanda wangu, nimekukosea nini? Gonga basi, hata mara mbili."

Hakugonga. Akakata.

Asubuhi ya tatu alipiga magoti. Akasema, "Bwana, kama jibu ni hapana, nigongee mara mbili nijue moja."

Mlango ukagongwa. Mara tatu.

Aliyeingia ni Mwalimu wa kwaya, mzee wa suti iliyofifia na miwani minene, kashika simu kwa mikono miwili kama kikombe cha chai ya moto. "Mwanangu, tazama hapa. Fundi alipiga hii akiwa kwenye mitambo yake."

Ilikuwa video ya mazoezi. Mwalimu mbele, anapunga mikono kwa bidii zote. Wala hakuna aliyekuwa akimwangalia! Macho ya kwaya yote yalikuwa kwa Kinanda. Midomo yake ilicheza bure, lakini mkono wake, pale kiunoni, ulikuwa kazini: ukipanda kidogo, sauti za juu zinaingia, ukifumba ngumi, besi zinakatika kama uzi kwenye mkasi.

"Miezi saba nadhani naongoza," mzee akasema. "Kumbe napunga upepo. Macho yangu yamekwisha, mwanangu, na mwaka mzima namwomba Mungu anioneshe wa kumwachia kwaya. Alikuwa safu ya mbele."

"Fundi... alisema nitolewe."

"Alisema, 'Mtoeni yule dada kwenye safu, nafasi yake ni hapo uliposimama wewe.' Ujeuri ule! Nilinuna siku mbili. Halafu nikaitazama tena."

Alipoondoka, Kinanda akapiga simu mwenyewe.

"Fundi."

"Kinanda! Leo unaongea?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mzee angekataa, ningekuwa nimekupa tumaini na kukunyang'anya. Kunyang'anywa koo kulitosha."

"Redio Mbao alisikia nusu."

"Na nusu nyingine?"

"Ilimezwa na dawa ya nywele."

Walicheka mpaka salio likaisha.

Jumapili ile watu walijaa hadi madirishani. Kinanda alitoka na gauni la bluu iliyoiva, viatu vya kisigino, mgongo kwa waumini, uso kwa kwaya. Akainua mikono ile ya kusuka. Vifua hamsini na viwili vikavuta pumzi pamoja, naye akaelewa. Aliomba koo moja. Mbele yake yalikuwa hamsini na mawili, yakimsubiri yeye. Akashusha vidole, na jengo jipya likatetemeka. Aliongoza huku machozi yakimtiririka, na hakupoteza pigo hata moja.

"Mikono hiyo unaiona?" mama yake alimpiga kiwiko jirani wa benchi la tatu. "Nimeizaa mimi!"

Uani, baada ya ibada, watu walipanga mstari kumshika mkono. Fundi akaja wa mwisho, shati lake lilelile la zambarau, safari hii limepigwa pasi.

"Kinanda, nimechoka kukupigia simu."

"Ndiyo unaniacha?"

"Nataka tukae nyumba moja, tugombane uso kwa uso. Nije lini kwa mama?"

Kinanda akajiweka sawa mkufu, bila haraka yoyote, kama mtu anayepekua ratiba.

"Jumatano nina mazoezi. Alhamisi nina mazoezi. Njoo Jumamosi na watu wako. Ila uwaambie mapema, hawaji kumposa msusi."

"Wanakuja kumposa nani?"

"Mwalimu wa kwaya."