Kiraka cha Boti ya Bweni

Mkebe ulikuwepo. Kufuli lilikuwepo. Kilichoibwa ni kile cha ndani.

"Inua, afande," alisema Laurencia, mtafiti wa pale Kilindoni, macho mekundu.

Inspekta Wilbrod aliinua. Mzito.

"Unga wangu hata ungejaa humo, usingezidi uzito wa mkate. Ni mirija ya kaboni, myembamba hata uongo wa mvuvi ni mnene mbele yake. Miaka miwili naipika kwenye tanuri, kwa mvuke wa mafuta ya nazi na chembe za chuma. Ukiichanganya na gundi ya boti, boti haipasuki. Wataalamu wanakuja Jumatatu. Wakikuta mkebe huu, mradi unafungwa."

Wilbrod alifungua, akanusa vumbi jeusi lililokuwa ndani. "Haya yamepika samaki. Masizi ya chungu! Nani aliwahi kuuona unga?"

"Mafundi boti watano, mwezi jana. Niliwapa kipande cha gundi yenye unga huo, wakakigonga nyundo kikawashinda. Mmoja, Muhidini wa kijiji cha Bweni, alirudi kesho yake, eti kasahau kofia. Nikamwacha humu, mkebe ukiwa wazi, nikaenda kumletea maji."

Wakaondoka wote wawili. Barabara ya Bweni iliwarusha mpaka Inspekta alipofika akajihesabu meno.

Muhidini walimkuta kando ya boti ya faiba ya zahanati. Ubavuni ilikuwa na viraka viwili vyeusi, kimoja cha zamani, kimoja kipya.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, afande. Umekuja kuvua?"

"Kuvua watu. Viraka hivi umetia nini?"

"Gundi na masizi."

"Vyote viwili?"

"Vyote."

Wilbrod akatoa mita ya fundi umeme, akagusisha nyaya zake kwenye kiraka cha zamani. Mshale ulilala. Akahamia kile kipya. Mshale ukaruka.

"Kiraka chako cha masizi hakipitishi umeme, fundi. Mirija ya huyu dada, kaniambia njiani, inapitisha. Na mkebe una alama za vidole. Nichukue na zako?"

Muhidini alikaa mchangani.

"Nimeiba mimi."

"Kwa nini?"

"Binti yangu Warda alishikwa na uchungu. Tunampeleka hospitali, boti hii ikapasuka katikati ya maji. Nesi Careen wa zahanati akaziba ufa kwa kisigino mpaka Kilindoni, huku anamzalisha! Mama mzima, mtoto mzima. Nikampelekea kuku, kakataa. Nazi, kakataa. Ningemshukuruje, afande? Nikasema boti yake isipasuke tena."

Laurencia alipitisha kiganja juu ya kiraka.

"Imeshavusha wagonjwa wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Haijavuja?"

"Hata tone."

"Mimi sijawahi kuijaribu mirija hii hata kwenye beseni la maji ya chumvi." Akacheka huku anafuta machozi. "Jumatatu nawaleta wataalamu hapahapa. Afande, sina mashtaka. Mzee Muhidini, ahsante."

Muhidini alikuwa amekwisha kunyoosha mikono atiwe pingu. Akajifunika nayo uso.